Unga Mkavu Haushiki

Kaptembwo, Nakuru
Agosti 2008

Neema, mama,

Soksi, dawa ya malaria, sweta mbili, namba ya simu ya mchungaji, usikopeshe watu, wanaume usiwaamini: hayo mama yako ameshakujazia, na alilolisahau atakuamsha alfajiri akuambie. Mimi sina la kuongeza. Tena ningejaribu ungenicheka, maana mtu ambaye siku moja alikaanga mayai kwa mafuta ya rangi hana uso wa kumshauri mwenzake juu ya chakula cha India.

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu. Leo nakuita hivyo pia kwa sababu nakuogopa kidogo, jinsi nilivyokuwa nikimwogopa yeye.

Jumapili kanisani, walipokuita mbele wakuombee safari, ulishika kipaza sauti ukawasimulia jinsi baba yako alivyomwokoa Joeli, mkorogaji mwenzake, mwezi wa Januari. Ulisema mtu aliingia kibandani kwetu na panga, na baba yako akasimama peke yake. Watu wakapiga makofi, mama wa kwaya akapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, mama. Nilitaka kusimama niseme, nikaona mama yako anavyong'aa kwa fahari, nikakaa.

Huyo mtu mwenye panga ana jina. Anaitwa Daudi. Wewe ulikuwa ukimwita Anko Daudi tangu ungali unakojoa kitandani, ila tangu Januari humtaji tena kwa jina. Hadithi uliyoisimulia nusu yake ni kweli, na ni hiyo nusu inayoifanya iaminike. Sitaki upande ndege nayo. Ukifika huko utawasimulia wageni, watapiga makofi nao, na ikishapigiwa makofi katika nchi mbili haitarekebishika tena.

Ngoja nianzie kazini, maana mimi najua kueleza mambo ya kazi tu.

Unajua redoksaidi, ile rangi nyekundu ya mabati na sakafu, ndiyo iliyokulipia shule. Unga wake si kitu kingine ila kutu iliyosagwa. Mimi na Joeli tuliukoroga miaka mingi katika kile kibanda nyuma ya nyumba, mwiko mmoja kila upande wa pipa, vitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi. Jioni tulikuwa tukitoka hapo wekundu kuanzia nywele mpaka kucha, na watoto wa ploti wanatuita mashetani. Mtu asingejua yupi ni mimi na yupi ni Joeli, labda aangalie lile kovu jeupe shavuni kwake, pale thina ya kuzimulia rangi ilipowaka ikamuunguza. Kovu hilo Kaptembwo nzima inalijua.

Daudi alikuwa fundi wa rangi, mteja wetu na rafiki yetu. Alikuwa na jicho. Angeweza kupiga mstari wa dari chumba kizima bila uzi wala rula, na ukiweka kamba uhakiki unakuta hajakosea. Na tulikuwa na desturi yetu pale kibandani, unaikumbuka. Aliyekoroga rangi haruhusiwi kuisifu mwenyewe. Mnunuzi anachovya kidole, anaisugua kati ya kidole na gumba akitafuta chembechembe, na akiiona laini anampaka mkorogaji mstari mmoja shavuni. Maana yake: nimekubali, hii ni yangu, naichukua. Daudi alimpaka Joeli mstari huo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Walikuwa wakitukanana kwa mapenzi, Daudi akimwambia, "Leo umeweza, wacha nikufiche hilo kovu upate bibi wa pili."

Joeli ni wa watu wengine, Daudi ni wa watu wetu. Naliandika hivyo tu, unaelewa. Kabla ya Desemba hilo lilikuwa jambo la kutaniana, hasa wakati wa kula, juu ya nani anajua kupika nyama.

Halafu ikaja Krismasi, kura, na matokeo, na watu wakaanza kuwindana. Chuo chenu kule Njoro kikafungwa, ukarudi nyumbani na begi moja la nguo na boksi zima la chupa. Mama yako alilia kwa kukuona uko hai. Mimi nikauliza ndani ya chupa kuna nini, ukasema kutu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka minne ya ada, na mtoto ananiletea kutu nyumbani kwangu kulikojaa kutu.

Lakini ulinionyesha. Ulichanganya zile chumvi zako za chuma, ukadondoshea amonia tone kwa tone mpaka kibanda kikanuka kama choo cha stendi, na maji yakageuka meusi ghafla. Ukasema chembe zile ni ndogo kiasi kwamba jicho halitaziona hata moja, na kila moja ni sumaku, kwa hiyo zikiachwa uchi zinashikana. Zikishashikana, basi. Lazima uzivishe zikiwa bado moto, kabla hazijakutana. Ukamimina ile asidi ya mafuta ukikoroga, ukaniambia kila uzi wake una kichwa kinachopenda chuma na mkia unaopenda mafuta. Kichwa kinashika chembe, mkia unabaki nje, na chembe mbili zikikaribiana mikia inazuia. Nilikuambia mbona hiyo ndiyo kazi yangu. Unga wangu nao nikiumwagia thina kabla ya kuulowesha kwa mafuta unafanya madonge, na madonge ni kama ya ugali, hayatoki kwa hasira. Ukasema ndani ya mafuta yangu ya rangi mna asidi ya aina hiyo hiyo. Siku hiyo nilijiona msomi, na nilimsumbua mama yako nayo wiki nzima.

Tulikosea vilevile, kila mtu kwa tabia yake. Wewe unapenda usafi. Uliosha chembe zako kwa spiriti, ukaosha tena, ukaosha tena ili mwalimu wako asione uchafu, mpaka ukaosha na vazi lenyewe. Zikaanguka chini ya chupa zikawa tope. Mimi napenda kuzidisha. Uliponiachia nikoroge kidogo nilitia sabuni ya ziada, na ule weusi wote ukahama kutoka mafuta ya taa ulimozitia chembe ukaingia kwenye maji yaliyokuwa chini yake. Ulinifokea, "Baba, si nimekwambia usiguse!" Halafu ukaangalia chupa juani, ukaanza kucheka peke yako. Ulisema nimezivika nguo mbili, ya pili imegeuza mikia ndani, ndiyo maana sasa zinakaa majini. Ulisema chembe zinazokaa majini ndizo zinazotakiwa hospitali, maana zitapita katika damu ya mtu, na zikishikana humo zitaziba mshipa zimuue. Ndizo unazokwenda kusomea India. Nakumbuka ulivyocheka kwa sababu nje, wakati huohuo, kulikuwa na moshi upande wa barabara ya kwenda mjini, na sisi wawili tumeinamia chupa kama wezi.

Sasa siku yenyewe.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umeelekea upande mwingine. Ndiyo shida yote hiyo.

Joeli alikuwa ameshampeleka mkewe na watoto Subukia kwa wakwe. Yeye akabaki kulinda nyumba, akisema hawatamgusa, amekaa Kaptembwo miaka mingi kuliko mti wa kona. Asubuhi ile walichoma ploti yake. Alikuja kwetu akiruka ua wa nyuma, bila viatu, mguu umechanika, na nyuma yake tukasikia wale watu wakipiga mabati kwa mawe. Yule muuza makaa wa kona walikuwa wamemkata tayari. Nilimwona kupitia mwanya wa ukuta, amekaa chini ameshika shingo yake mwenyewe kana kwamba anaizuia isitoke, halafu akalala. Watu waliokuwa wakinunua makaa kwake jana yake ndio waliomruka wakipita. Hilo sikukuambia wakati ule na sikuambii sasa ili uogope. Nakuambia ili ujue mikono yangu ilikuwa katika hali gani.

Ni mimi niliyesema tumpake Joeli unga. Akili niliiona nzuri sana. Sisi sote watatu wekundu, vitambaa mdomoni, tunakoroga pipa, nani atajua? Nikachota unga kwa mikono miwili nikammwagia kichwani, usoni, shingoni. Nikajimwagia. Nikakumwagia wewe, ukakohoa. Tukashika miiko.

Unga mkavu, Neema. Mimi, fundi wa maisha yote, nilimpaka mtu unga mkavu bila tone la mafuta. Mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza angefanya hivyo ningemfukuza. Unga mkavu haushiki. Unakaa juu ya ngozi ukingoja jasho, na Joeli alikuwa akitokwa na jasho la mtu anayesikia jina lake likiitwa na watu wenye mapanga. Kabla mlango haujavunjwa mifereji ilikuwa imeshaanza kushuka kwenye paji lake.

"Mzee, fungua! Fungua ama tunakuchoma na wewe ndani!"

Hawakungoja. Mlango uliingia na bawaba zake. Waliingia kama kumi hivi, wengine wakabaki nje wakiimba. Wengi sikuwajua, na wale niliowajua sikuwatambua.

"Joeli ako wapi? Ameonekana akikuja huku."

"Hapa ni kazi tu, vijana wangu," nikasema. "Mnaona wenyewe."

"Vijana wako ni akina nani? Toa hizo vitambaa tuone sura!"

Hapo ndipo mmoja wao, mtu mrefu, alipookota chupa yako kubwa mezani, ile ya mafuta ya taa, kazi yako ya miaka minne. Akaifungua akanusa. "Hii ni mafta! Inashika moto hii. Mwaga hapo kwa magunia. Nani ako na kiberiti?" Akamwaga. Wewe ukapiga kelele, "Hapana, hiyo ni ya shule!" Ukamrukia, ukakamata mkono wake, akakutupa juu ya makopo. Ulikuwa na macho kwa chupa na kwa huyo mrefu. Kwa hiyo hukuona upande wangu.

Upande wangu Daudi alikuwa ameingia. Alikuwa na panga, hilo ni kweli, na panga lilikuwa na kitu juu yake, hilo nalo ni kweli. Alimwangalia Joeli moja kwa moja. Jasho lilikuwa limesafisha shavu zima, na kovu liko nje jeupe, halihitaji hata kuonyeshwa. Mtu mmoja tu akigeuka basi tumekwisha.

Daudi alisema, "Ngoja kwanza. Ngoja." Alisema akiwaambia walio nyuma yake. Halafu akaliweka panga lake juu ya mfuniko wa pipa. Akachovya kidole katika rangi, ile iliyoiva, yenye mafuta. Kidole kimoja. Akanyoosha mkono kuelekea shavu la Joeli.

Wewe ulisema kanisani kwamba panga lilimdondoka kwa pigo langu. Halikudondoka, mama. Liliwekwa. Nililiona likiwekwa. Nilikiona kidole. Mkono huo nilikuwa nimeuona ukifanya hivyo miaka yote, katika kibanda hicho hicho, juu ya shavu hilo hilo. Na hata hivyo nilipiga.

Ule mwiko wa mkaratusi unaujua uzito wake. Nilimpiga upande wa uso na nikasikia mfupa. Akapiga magoti. Pigo hilo, ukinipeleka mbele ya hakimu, labda nitapata la kusema: nilidhani anamfuta Joeli unga amfichue, sikuwa na muda, niliogopa. Sawa. Lakini nilipiga la pili. Alikuwa ameshapiga magoti, mikono mitupu, ananiangalia, na akaanza kusema, "Mz..." Nikamshushia mwiko juu ya jicho. Hilo la pili halikuwa la kumwokoa mtu. Lilikuwa la kila mlango uliochomwa mwezi ule, na la muuza makaa, na la kelele zao usiku kucha, na mkono wangu ulifurahi. Sijui namna nyingine ya kuliandika. Mkono ulifurahi, ukataka la tatu.

Wakanisogelea, na nilijua sasa ni mimi. Ndipo Daudi akasema kutoka chini, damu na meno mdomoni, maneno yanamtoka vibaya:

"Huyu mzee ni wazimu. Hakuna mtu hapa. Twendeni."

"Na moto?" yule mrefu akauliza. Alikuwa ameshapata kiberiti.

"Thina iko hapa debe nzima. Tutalipuka sote, mjinga wewe. Twendeni!"

Wakamwinua wakaondoka naye. Panga likabaki juu ya mfuniko. Wewe ulipoinuka kutoka kwenye makopo ulichoona ni baba yako amesimama na mwiko, panga liko pale, na adui wanakimbia wakimbeba Daudi. Ni nani angekulaumu kwa kuamini hivyo? Ulinikumbatia. Ulisema, "Baba, wameogopa thina." Nikakuacha useme. Joeli naye macho yalikuwa yamejaa unga, hakuona lolote. Jioni ile tulipomfikisha uwanja wa maonyesho, kwa wale waliofukuzwa, alinipigia magoti mbele ya watu. Nikamwacha apige.

Hivyo ndivyo sifa inavyoshika, mama. Inakupata ukiwa bado moto.

Nilikwenda hospitali kumtafuta Daudi mambo yalipotulia. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, jicho la kulia halipo. Hakuweza kusema, kwa hiyo mimi ndiye niliyesema, na nilisema upuuzi: habari za hali ya hewa, bei ya unga. Alinyoosha kidole kimoja, akakipitisha shavuni kwake mwenyewe, polepole. Mstari mmoja. Nilitoka nje bila kuaga.

Baadaye, waya zilipotolewa, alilieleza kwa kinywa. "Mzee, kovu ilikuwa nje. Nilikuwa namfunika. Ningempaka, ningewaambia huyu ni kibarua tu, nimekubali rangi, twende." Nikamwuliza, na wewe ulikuwa umefanya nini na hilo panga kabla hujafika kwangu? Akaangalia ukuta. Akasema, "Hiyo usiniulize." Sikumwuliza tena. Kwa hiyo usidhani nakuletea malaika. Sijui ni milango mingapi Daudi aliingia asubuhi ile, na sitaki kujua, na labda ni lazima nijue. Ninachokijua ni alichokifanya katika mlango wangu, na nilichomfanyia mimi.

Sasa anasukuma mkokoteni. Fundi wa jicho moja hapewi dari. Alijaribu kupaka duka moja la Mhindi mtaa wa biashara, mstari ukaenda upande, mwenye duka akamlipa nusu kwa huruma. Kaptembwo wanamwita muuaji, na hadithi inayowapa ruhusa kumwita hivyo ni yetu, mimi na wewe. Joeli nilimfuata Subukia mwezi wa tano nikamweleza. Alikwangua tope lote kwenye jembe. Halafu akasema, "Baba Neema, mimi nilinusurika mara mbili siku hiyo, na nilishukuru mtu mmoja." Hajarudi kukoroga na mimi. Anasema harufu inamrudisha. Mama yako anajua tangu jana. Alinitupia kikombe, akakosa, halafu akakaa karibu nami. Umebaki wewe.

Najua ungependa nifanye nini hapa. Ungependa nikuambie kwamba watu ni kama chembe zako, wanahitaji vazi ili wasishikane madonge ya kundi na kundi. Mchungaji angeipenda hiyo. Mimi siiamini. Chembe zako hazichagui. Mimi nilikuwa nimevikwa vizuri sana: nyimbo za kanisa, miaka na Joeli, jina la mtu mpole mtaa mzima. Na bado vazi lilinitoka kwa pigo moja, na la pili nilipiga nikiwa uchi kabisa. Ninachoweza kukupa ni kidogo kuliko mahubiri. Siku utakapokuwa umeogopa na una kitu kizito mkononi, angalia mkono wa mwenzako una nini. Mimi niliangalia, nikaona, sikuamini nilichokiona. Nilikuwa nimeshaamua. Ningetamani wewe uwe mwepesi kuamini macho yako kuliko nilivyokuwa mimi.

Na lingine: usioshe kupita kiasi. Umerithi kwa mama yako kupenda vitu visivyo na doa, na hata baba yako ulimtaka asiwe na doa, ukanisugua mbele ya kanisa zima mpaka nikabaki tope chini ya chupa. Niache nilivyo. Nilimficha Joeli, na hilo ni langu. Nilimpofusha Daudi, na hilo pia ni langu. Nikiyabeba yote mawili naweza kusimama wima. Ukinipa moja tu naanguka.

Sasa habari ya kesho. Sanduku lako ni zito na stendi ni mbali. Nimempata wa kulisukuma. Ni Daudi. Nilimwomba wiki iliyopita, akakataa, akasema, "Mi siogopi kazi. Naogopa vile ataniangalia." Jana alinijia mwenyewe akaniambia atakuja kabla jua halijachomoza, na atangoja nje ya kibanda, si nje ya nyumba.

Humo kibandani, juu ya ile meza ya chupa zako, nimekuwekea kopo dogo, unga kiasi, mafuta, na mwiko mfupi. Mimi sitakoroga. Koroga wewe. Mafuta kwanza, taratibu, kila chembe ilowe, halafu thina. Unajua kuliko mimi sasa. Ikiiva mfungulie mlango. Ule mlango niliurudishia bawaba mwenyewe, unakwama kidogo chini, uinue.

Kama huwezi, sitakulaumu. Kuna lango la mbele, mama yako atakuitia teksi, na mimi nitalisukuma sanduku la aibu yangu peke yangu kama ninavyostahili. Nakupenda sawasawa, ukipita mlango huu ama ule. Hilo ulijue kabla hujaamua.

Lakini ukimfungulia, ataingia akikuelekezea upande wake wa kushoto, kwa sababu kulia haoni. Atachovya kidole. Ataisugua rangi yako kati ya kidole na gumba, atachukua muda wake, ni mtu wa kuchagua sana. Halafu atanyoosha mkono kuja usoni kwako. Usirudi nyuma, mama. Mimi nitakuwa nimesimama hapo pembeni, mikono mitupu.

Baba yako